Nileteeni Ngozi, Maneno Sitaki

Sitaki kuambiwa nitulie. Tangu mambo haya yatokee, kila ninayemsimulia hapa Bukoba ananishika bega na kuniambia, "Mama, achana nayo, zilikuwa sahani tu." Sahani! Sahani ni ya kulia ndizi. Mimi nazungumzia santuri, zile nyeusi za rumba ya Kongo, zilizoingia nchi hii kabla wengi wenu hamjazaliwa. Na namzungumzia mzee aliyezitunza maisha yake yote bila kuzifungia kabatini. Anayetaka kunituliza akae pembeni kwanza, nikimaliza atanikuta.

Tulimwita Mwalimu wa Kwaya, ingawa kwaya yenyewe ilimfukuza. Alizaliwa lini, ukoo gani, babu yake alikuwa nani, msiniulize. Hayo yana wasomaji wake, na husomwa mtu akiwa ndani ya sanduku. Mimi nilimjua akiwa tayari mtu mzima mwenye baiskeli, kofia ya pama na suruali aliyoibana kifundoni kwa kibanio cha nguo isiingie kwenye mnyororo. Nyumba yake iko Izigo, upande wa Muleba, katikati ya migomba na mibuni. Sisi kwetu ni Kaagya. Kwa baiskeli, na vilima vyetu hivi, safari hiyo si mchezo, lakini alikuwa anakuja. Alisema anakuja kumwona ng'ombe wake.

Hapo nieleze, maana asiye wa kwetu atadhani mzee alikuwa anaumwa kichwa.

Kwetu mwenye ng'ombe wengi hakai nao wote. Mmoja anamweka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, mwingine kwa mjane ambaye kibanja chake cha migomba kimechoka kwa kukosa mbolea. Yule anayelea anakunywa maziwa, samadi inakwenda kwenye migomba yake, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia kwenye zizi moja, wa mazizi mengine wanapona. Mwalimu hakuwa na ng'ombe hata wa kusingiziwa. Alikuwa na santuri, na akaziweka kwa watu kwa utaratibu uleule. Moja ilikaa kwetu, nyingine kwa mjane mmoja wa Rubafu kule karibu na ziwa, nyingine kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, nyingine kwa fundi seremala, nyingine kwa mkunga mstaafu. Nyumbani kwake alibakiza rafu tupu. Mgeni akimuuliza rafu ni ya nini, alijibu, "Ya kujua kwamba wote wako malishoni."

Alikuwa na gramafoni ya betri, ile inayofungwa kama sanduku la safari na kubebwa kwa mkono. Hiyo aliiita dume. Santuri hazitembei, alisema, dume ndilo linatembea. Basi akishalifunga dume lake nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi, vijiji vyote vilivyokuwa njiani vilijua leo kuna nyumba itakamuliwa.

Na hakuwa na haraka. Alikaa kwanza. Mama yangu alimletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kwa sababu mgeni asiyetafuna kahawa kwako hajafika. Akatafuna. Wakaulizana hali za watu, hali za migomba, hali ya bei ya kahawa ambayo haijawahi kuwa nzuri. Ndipo akageuka kuelekea chumbani kwa mama, kule ilikolala santuri, akauliza kwa sauti ya upole:

"Hajambo?"

"Hajambo, waitu, bwana wetu. Anakula, analala."

"Anatoa maziwa?"

"Anamsubiri mkamuaji."

Majirani waliokwisha kujaa ukumbini walicheka kila mara, kana kwamba hawajawahi kusikia. Kisha akaomba maji na sabuni, akanawa, akainua mikono juu mpaka ikauke yenyewe. Taulo alilikataa kabisa, eti linaacha manyoya. Nakumbuka nikiwa msichana nikimtazama mzee mzima amesimama katikati ya ukumbi na mikono juu kama aliyekamatwa na polisi, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Santuri yetu ilikuwa na upande wa kwanza wa taratibu, waimbaji wawili wakibembelezana, na upande wa pili wenye sebene refu, yale magitaa matupu ya kuchezwa. Sheria yake ilikuwa hii: wakiimba, funga mdomo. Likianza sebene, fanya utakavyo. Mama yangu, ambaye alikuwa mwenyekiti wa jumuiya na ambaye hatukuwahi kumwona akicheka mbele ya baba, alikuwa anasubiri sebene. Akasimama, akakaza kanga kiunoni, akacheza palepale bila kuinua nyayo, macho ameyafumba. Upande ukiisha alikaa chini na kuuliza kwa ukali nani ameacha mlango wa jikoni wazi mbuzi waingie. Hayo ndiyo maziwa tuliyokunywa sisi. Mtu asije akaniambia ni sahani.

Sasa msidhani nakuandikieni habari za mtakatifu. Mwalimu alikuwa mkorofi. Chumvi yake ulikuwa huombi. Sukari aliificha hata kwa mkewe, Mungu amrehemu, na mkewe akawa anajua ilipo na kumwibia kwa heshima. Ungemwomba baiskeli akakuambia imeharibika huku ameishika. Lakini mtu huyohuyo akakuachia santuri ambayo pengine haikuwa na mwenzake Kagera nzima, akaondoka zake akipiga mluzi. Nilimuuliza mara moja kwa nini ni mchoyo wa chumvi na si mchoyo wa santuri. Akanitazama kama mjinga. "Chumvi ukiitumia inakwisha," akasema.

Kwaya ilimfukuza kwa sababu ya Pasaka. Yeye hajaliona kosa lake mpaka leo. Alikuwa amewafundisha wimbo mpya wa Aleluya, na wimbo ulikuwa mzuri, ila ulipofika katikati mpiga gitaa akaingiza vidole fulani, na akina mama wazee wa benchi la mbele wakaanza kuyumba. Mabega kwanza. Kisha viuno. Padri akakohoa. Mwenyekiti wa parokia akasimama, akakaa, akasimama tena. Baada ya misa wakamwita, wakamwambia umetuletea baa kanisani. Mwalimu akawauliza, "Nani kati yenu ameumia?" Wakamwondoa. Tangu hapo alikaa benchi la mbele kila Jumapili, na kwaya ikikosea anaimba sauti sahihi kwa nguvu mpaka waifuate. Hawakuweza kumfukuza kwenye benchi.

Na Kilingala alikuwa hakijui! Mawe, mama yangu we, hilo lilinichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Alikuwa anatutafsiria kila wimbo, kwa uhakika, kidole juu. "Hapa anasema mwanamke asiyemtii mumewe arudi kwao." Mwezi mwingine, wimbo uleule: "Hapa anamlilia mama yake aliyekufa maji." Siku moja mjini, kwenye ukumbi nyuma ya duka la vitambaa, alikuwapo Mkongo mmoja muuza dagaa. Mwalimu akatoa tafsiri yake, wimbo wa yatima, watu wakasikitika. Mkongo akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema wimbo ule unasifu baa fulani yenye bia baridi. Ukumbi mzima ukamgeukia Mwalimu. Akafikiri kidogo, akamwambia Mkongo, "Wewe umeondoka kwenu siku nyingi."

Yule Mhindi mwenye duka alikuwa mlezi mzuri kuliko sisi sote. Ngozi ya santuri yake aliikata kwenye kitambaa cha sari. Ngozi ni ule mfuko wa kitambaa: kila mlezi alilazimika kuushona mwenyewe, kwa sababu makasha ya karatasi ambayo santuri zilikuja nayo yalikwisha kuliwa na mende. Watoto wake walipomwita awafuate ng'ambo, alifunga duka akapanda gari mpaka Izigo kuirudisha kwa mikono yake, na juma halikuisha ikapata mlezi mwingine. Mwalimu alituambia kwa miaka, "Yule ndiye pekee aliyenirudishia ng'ombe akiwa hai." Alisema hivyo kila mlezi mwingine akiwapo, ili atuume.

Mjane wa Rubafu ndiye aliyefanya kosa ambalo nadhani lingefanyika kwetu tu. Mvua za masika zilikuwa nyingi, nyumba ikaingia unyevu, akaona santuri imeota kama utandu mweupe. Mwanamke amekulia kwenye kahawa, anajua kitu kimoja: kilicholowa kinaanikwa. Akaitandaza kwenye mkeka pamoja na kahawa yake, juani, na kila akipita kugeuza kahawa akawa anaigeuza na santuri iive pande zote. Jioni aliipata imejikunja kama jani la mgomba lililopita kwenye moto.

Hakumtuma mtu. Alisafiri kutoka Rubafu mpaka Izigo na ule mfuko mtupu kichwani, akaingia, akapiga magoti, akauweka kwenye mapaja ya Mwalimu. Kwetu ng'ombe wa mtu akifia kwako unampelekea mwenyewe ngozi, ajue amekufa kweli, hukumla wala hukumuuza. Mwalimu akaupapasa mfuko. Akauliza lile swali ambalo mwenye ng'ombe anauliza, "Ameanguka lini?" Mjane akamwambia, huku analia. Mwalimu naye akalia, mzee yule, machozi mpaka kwenye ndevu, kisha akamkaripia kwa kuianika, kisha akamwambia anyanyuke ale. Mwezi uliofuata alimpelekea nyingine aliyoitoa kwa mlezi mwingine, ile ndogo yenye wimbo mmoja kila upande. Akamwambia, "Huyu ni ndama. Usimwanike."

Tangu siku ile alituwekea neno, alilirudia kila nyumba. Ikivunjika, ikiibwa, ikiungua, msije na hadithi ndefu. "Nileteeni ngozi. Maneno sitaki."

Lipo na jambo la fimbo. Mwenye ng'ombe akitaka kumtoa ng'ombe wake kwa mlezi anakuja mwenyewe. Akishindwa kabisa, anamtuma mtu na fimbo yake, na mlezi akiiona fimbo anafungua zizi bila swali. Mwalimu alikuwa na fimbo ya mti mweusi, kichwa kimelainika kwa mkono wake. Mara moja moja, akiwa na homa na kuna arusi inangoja muziki, alimtuma mkewe nayo. Mkewe akibisha hodi alianza kuinyoosha fimbo ndani, kisha ndiyo akaingia mwenyewe. Na mwana wao mdogo alikuwa anafuatana naye ameshika gauni. Mkumbukeni huyo mtoto.

Mama yangu alipofariki Mwalimu alikuja bila dume. Alikaa nasi kwenye nyasi matanga yote, hakuna aliyemsikia hata akiguna wimbo. Matanga yalipokwisha akarudi na dume lake nyuma ya baiskeli. Akanawa, akainua mikono, akaitoa santuri kwenye ngozi yake, ule mfuko ambao mama aliushona kwa kipande cha kitenge cha zambarau na kuutia bitana ya fulana. Kabla hajaiweka kwenye gramafoni aliileta karibu na mdomo akaiambia, "Aliyekuwa anakulea amekwenda. Sasa utakaa na wanawe." Ng'ombe huambiwa pia. Sebene lilipoanza hakuna aliyesimama, na mimi nikaona haiwezekani, nikasimama nikacheza palepale alipokuwa anacheza mama. Nililia nikicheza. Kwa hiyo mnaponiona na hasira, mjue hasira zangu zina miguu.

Tetemeko lilipopita na kupasua ukuta wa nyumba yake, rafu ilianguka ikiwa tupu. Alitembea vijiji vyote kuwasalimia walezi, na usoni ameandika niliwaambia. Hata kuta zetu zilipasuka, lakini santuri zote zilipona. Alikuwa na haki ya kuringa, akaringa sana, mpaka tukachoka naye.

Kisha akapigwa na kiharusi.

Upande wa kushoto ukalegea. Alilazwa mjini, akatoka, akarudishwa Izigo, jirani mmoja mama mwenye moyo akawa anampikia. Mwanawe akaja kutoka Dar. Ndiye yule aliyekuwa anashika gauni la mamaye. Sasa ni mtu wa makamo, mpole wa sauti, anakuita dada kwa unyenyekevu, viatu vinang'aa. Tulifurahi. Tulisema angalau mzee ana mtu wake. Tulimpelekea ndizi, tulimpelekea senene, panzi wetu wa kukaanga, mimi mwenyewe nilimpelekea senene. Nikikumbuka zile senene nataka kuzidai.

Kumbe kuna watu ng'ambo wanaozisaka santuri hizi kwa udi na uvumba, na kumbe yeye alikwisha kuzungumza nao kwenye simu. Alipofika akakuta rafu tupu. Mtu mwingine angerudi Dar. Yeye akakumbuka utoto wake. Baba amelala kitandani, hawezi kuinuka, fimbo imeegemea ukuta. Akaichukua fimbo, akakodi gari, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Na nyumba zote zilifunguka. Mkunga alimpa. Seremala alimpa. Mjane wa Rubafu alimpa yule ndama, akamwongezea mkungu wa ndizi ampelekee mgonjwa. Aliingia Kaagya siku ambayo mimi niko sokoni mjini, akamkuta kaka yangu, ambaye ndiye aliyebaki kwenye kibanja cha wazazi. Nilifika Jumapili yake nikaona ile ngozi ya kitenge imetupwa juu ya benchi, tupu.

"Santuri ya mama iko wapi?"

"Mwalimu ameichukua."

"Mwalimu hawezi hata kushika kijiko. Ulimwona Mwalimu mwenyewe?"

"Alikuja mwanawe. Na fimbo."

"Hukumuuliza anaipeleka wapi? Hukunipigia simu?"

"Wewe ungefanyaje? Fimbo ya mzee imeingia mlangoni, nimuulize maswali? Sikumpa yule kijana. Niliipa fimbo."

Nilimtukana. Sitarudia nilichosema, ni kaka yangu na ana wajukuu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Mama angekuwapo angeipa fimbo. Hata mimi ningeipa. Tulidanganywa kwa kitu ambacho hatukuwahi kufundishwa kukiogopa.

Nilimpigia simu yule mtoto. Hakukana hata kidogo. "Dada, zilikuwa zinaoza kwenye nyumba za udongo. Huko zinakokwenda zitatunzwa kwenye vyumba maalumu. Zimeshasafirishwa." Nikamuuliza baba yake anajua? Sauti ikawa laini zaidi. "Mzee ana presha, dada. Daktari amekataza habari za kumshtua. Nawaomba sana, asiambiwe neno. Mkimwambia akafa, itakuwa juu yenu."

Mmeona? Anaiba ng'ombe, anakukabidhi wewe kisu. Nilikaa siku kadhaa sili vizuri. Nikimwambia Mwalimu, namuua. Nisipomwambia, atakufa akiamini wote wako malishoni, na sisi walezi tutapita mbele yake tukisema hajambo, hajambo, kama wezi wenza. Majirani walisema bora afe na amani yake. Nikawauliza amani gani inayolindwa na mwizi. Wakasema nina hasira. Ndiyo, ninazo!

Halafu nikaitazama ile ngozi juu ya benchi. Yule mtoto alikuja na maboksi yake yenye sponji. Mifuko yetu aliiona michafu, akaivua, akaiacha kila nyumba. Fimbo aliijua, ngozi hakuijua. Alijifunza nusu ya mila, ile nusu ya kuchukua.

Nikazunguka. Nilipanda bodaboda, nilitembea kwa miguu, nilikwenda Rubafu mpaka kwa mjane. Kila nyumba nilisema jambo moja tu, nipeni ngozi. Hakuna aliyeniuliza ya nini. Mjane aliibusu kwanza ndipo akanipa. Nikazifunga zote kwenye kanga ya mama, nikaenda Izigo.

Mwalimu alikuwa amekaa ukumbini kwenye kiti cha mbao, blanketi miguuni, macho yameingia ukungu. Mwanawe alikuwa kwenye kochi na simu yake. Aliponiona alinikazia macho, kichwa kikatikisika kidogo: usithubutu. Fimbo ilikuwa kwenye kona, ameirudisha mahali pake kama mtu mwema.

Nikapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu wa Kaagya." Ulimi ulikuwa mzito, lakini sauti ilikuwa yake. Akataka niletewe kahawa. Nikatafuna. Akaniuliza hali za watu, hali za migomba. Nilijua kinachokuja.

"Hajambo?" akauliza.

Nilifungua kanga, nikachukua mfuko wa kitenge cha zambarau, nikauweka kwenye mapaja yake.

"Zawadi! Dada, asante sana," akasema yule mtoto, na akainua simu yake kupiga picha. Mfuko alioutupa mwenyewe kwetu hakuutambua. Nawaapia. Alipiga picha.

Mwalimu alishusha mkono wake mzima juu ya kitambaa. Akakipapasa pindo, akaingiza vidole ndani mpaka chini, akavitoa. Kisha akauliza polepole, "Ameanguka lini?"

"Mwezi uliopita, Mwalimu."

Nikaweka wa pili. Akaushika. "Wa mkunga," akasema. Nikaweka wa tatu. "Seremala. Huyu mtu hakuwahi kujua kushona." Nikaendelea kuweka, na yeye akaendelea kuwataja kwa vidole, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka mapaja yakajaa. Mfuko wa mjane ulikuwa mdogo. Aliubana kifuani. "Na ndama," akasema.

"Na ndama."

Nilikuwa namtazama nikingoja aanguke, na nilikwisha kuamua kwamba akianguka nitaubeba mimi mzigo huo. Hakuanguka. Mzee huyu alizika mke, alifukuzwa na kwaya, nyumba yake ilipasuka katikati. Nani alimwambia yule daktari kwamba mtu kama huyu anauawa na ukweli?

"Nani aliwachukua?"

"Fimbo yako, Mwalimu."

Yule mtoto bado alikuwa anatabasamu. Alikuwa amesikia mazungumzo ya ng'ombe na ndama, akadhani wazee wanakumbushana ufugaji. Mwalimu alielekeza uso wake kule kwenye kochi, akakaa hivyo, na ule ukungu wa macho yake sijui kama ulimwonyesha chochote.

"Mwanangu," akamwambia, "nipe fimbo yangu."

Akaruka kwenda kuichukua. Akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, kama mamaye alivyomfundisha. Mwalimu akakipapasa kichwa cha fimbo, akakizungusha kiganjani. Kisha akaninyooshea mimi.

"Peleka jikoni," akasema. "Chungu kinahitaji kuni."

Nilikwenda. Jirani alikuwa amekwisha kutenga chungu cha ndizi na maharage, moto unasuasua. Aliiona fimbo mkononi mwangu, akanitazama, akasogea. Nikajaribu kuivunjia gotini. Ilikataa, nikaivunjia kwenye jiwe la figa. Ule mti mkavu, uliolambwa na jasho la mkono wake miaka yote hiyo, ulishika moto mara moja.

Niliposimama kutaka kuondoka Mwalimu alikataa. Akasema mgeni hatoki kwake na njaa. Tukaketi wote. Mifuko alinituma niikunje na kuilaza kwenye rafu, ikajaa kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Yule mtoto alikula vizuri. Akazisifu ndizi, akauliza ni kuni gani hizi za huku zinazoivisha haraka namna hii.

Mwalimu akamsogezea sahani. "Ongeza," akamwambia.